Bomba la moshi, upenu, na woga wangu wa kutoboa bati

Tone la kwanza liliangukia kola ya sweta. Sweta la kijani, saizi 28, la mtoto wa darasa la tatu. Nilikuwa nimelifua jioni na kulianika chini ya upenu kwa sababu manyunyu ya Njombe mwezi wa saba hayapigi hodi. Asubuhi nakuta doa jeusi linang'aa, zito kama lami, limeshuka mpaka begani. Nikalinusa: harufu ya sufuria iliyoungulia nyama. Nikainua macho. Kwenye kiwiko cha bomba langu jipya la moshi tone la pili lilikuwa linajikusanya taratibu, halina haraka na mtu.

Bomba hilo lilikuwa na wiki tano tu.

Kwa wasionijua, mimi nafuma masweta. Nina mashine mbili za mkono na chumba kimoja ubavuni mwa nyumba, na wateja wangu wengi ni wazazi na shule. Huku tuko juu kama mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni mpaka Agosti kuna asubuhi ambazo vidole havikunji. Mashine yenyewe inagoma, sindano zinakuwa kama zimepakwa gundi. Zamani niliingiza jiko la mkaa chumbani, nikafunga dirisha, nikafuma. Mpaka siku nilipoinuka kwenye kiti nikaona ukuta unazunguka, nikatambaa hadi mlangoni. Mkaa hautoi moshi wa kukuonya. Sumu yake haina harufu, na kila msimu wa baridi tunasikia familia iliyolala na jiko ndani haikuamka. Siku ile nililitoa jiko nje na sijalirudisha.

Ndipo nikatengenezewa jiko la kuni la chuma. Plet ya milimita 4, mlango wenye kikomeo, kijidirisha cha kuingizia hewa chini, na tundu la bomba la inchi 6 mgongoni. Jiko sina ugomvi nalo hata leo. Ugomvi ulikuwa bomba litokee wapi.

Nyumba hii aliijenga baba mkwe, kwa matofali ya kuchoma na udongo, na kwa sababu alijua mvua inavyopiga kuta akaweka upenu mpana, sentimita 70 kutoka ukutani hadi kwenye fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa. Upenu mzuri. Ndipo tunapoanikia, ndipo kuku wanapojificha. Lakini ukitaka kupandisha bomba nje ya ukuta, upenu unakuwa kama kofia iliyokushuka usoni: huoni pa kupitia.

Fundi wa kwanza aliuliza swali moja la maana, nikalijibu vibaya.

"Mama, tutoboe bati?"

"Toboa la kwenu."

Nilikuwa nacheka, lakini nilimaanisha. Bati zile nimezinunua mimi, kwa masweta ya misimu miwili, nikazipanda mwenyewe kukagua kila msumari. Mtu aje na mkasi azikate tundu la kupita kichwa cha mbuzi? Nikamwambia azunguke. Kijana wa watu akazunguka. Alitoboa ukuta, akatoa bomba nje, kiwiko, akalipandisha mita moja na kidogo mpaka chini ya silingi ya upenu, kiwiko tena, akalilaza kwenda nje sentimita 80 hivi hadi lipite gata, kiwiko cha tatu, akalipandisha tena likaishia nusu mita juu ya ukingo wa paa. Akapokea hela yake, akapiga picha kwa simu, akaenda. Kwa macho yangu lilipendeza. Mama mkwe alitoka na kikombe chake cha chai, akalitazama, akasema, "Haya," na kurudi ndani. Mama mkwe akisema "haya" peke yake, ujue kuna jambo.

Wiki ya kwanza moshi ulitoka vizuri, si uongo. Ya pili nikaanza kukohoa kila nikifungua mlango wa jiko kuongeza kuni. Upepo ukivuma kutoka upande wa pili wa nyumba, unapanda paa, unashuka kwenye upenu wetu na kuusukuma moshi urudi ulikotoka. Ya tatu mteja mmoja alinirudishia masweta sita. Alisema kwa heshima sana kwamba watoto wananuka kama wametoka kuchoma mahindi. Ya tano, lile tone.

Nilimwendea mzee mmoja seremala wa mtaani kwetu, ambaye zamani alifanya kazi kwenye nyumba za mashamba ya chai huko Mufindi, zile zenye dohani za matofali. Alikuja na nyundo tu.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene, mwanangu. Nyoka huyu nani kamfuga hapa?"

Hakungoja jibu. Akagonga bomba la wima kwa mpini wa nyundo, likalia ngwee. Akagonga kile kipande kilicholala chini ya upenu, kikalia bu. Tukafungua kiwiko. Bomba la inchi 6 lilikuwa limebaki na tundu la kupita ngumi yangu, pengine pungufu. Kote kulikuwa kumeshikwa na kitu cheusi, nje kigumu kama sukari guru iliyoungua, ndani kinanata. Chini yake rangi ya gavanaizi ilikuwa imebabuka na kuacha unga mweupe. Mzee akasema hilo nalo kosa: bati la gavanaizi ni la kukinga mvua, si la kubeba moto, maana zinki yake inayeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, na moto ukizidi hapo moshi wake si wa kuvutwa na binadamu.

Alinieleza jambo ambalo tangu hapo nalieleza kila anayeniuliza. Moshi wa kuni umebeba mvuke na mafuta ya mti. Ukiwa wa moto unapanda nayo yote hadi nje. Ukikutana na bomba la baridi, likishuka chini ya nyuzi 120 hivi, ule mvuke na mafuta vinaganda ukutani mwa bomba, na hiyo ndiyo lami. Sasa bomba langu: bati jembamba, liko nje kwenye baridi ya Njombe, lina kona tatu za mraba, na kipande kizima kimelala. Moshi unapanda kwa sababu ni mwepesi na wa moto, na kadiri bomba linavyosimama refu ndivyo linavyovuta. Ukiulaza, hauna tena kinachouvuta. Unazubaa pale, unapoa, unaacha mzigo wake. Na lami hiyo ikishika moto ndani ya bomba siku moja, joto linaweza kupita nyuzi 1,000.

Halafu akapandisha kiti, akaingiza mkono juu ya kile kipande cha kulala, kati yake na silingi. Mbao za paini. Nafasi kati ya bomba na mbao ilikuwa vidole vitatu. Akaning'olea kipande cha ubao, akanipa. Upande wa juu rangi ya maziwa, upande wa chini kahawia iliyoiva kama mkate uliosahaulika. Hakikuwa kimewaka. Kilikuwa kinaokwa polepole kila siku kwa wiki tano, na ubao uliokaushwa namna hiyo unakubali moto mapema kuliko ubao mzima. Juu ya silingi hiyo kuna kenchi, mbao zinazobeba paa, na kenchi hizo ndizo zinazofunika chumba wanacholala watoto wangu upande wa pili wa ukuta.

Kipande hicho bado ninacho. Nimekiweka dirishani karibu na sindano.

Usiku ule mimi na mume wangu tulikaa tukachora kwenye daftari la oda. Njia tulizoziona ni tatu. Moja, tuzunguke tena, ila kwa viwiko vya nyuzi 30 au 45 badala ya kona za mraba, bomba lipande limeinama na lisilale popote. Inafanya kazi kwa upenu mfupi, wa sentimita 30 hivi. Kwa 70 lile bomba lingekuwa limeegama kama mlevi, na bado tungelipitisha karibu na fishabodi na gata. Mbili, bomba litoke ukutani kwa kulala mita nzima, ndipo lisimame huko nje mbali na upenu, juu ya nguzo yake. Hiyo mume wangu aliipenda kwa sababu bati linabaki salama. Nikamuuliza: na kile kipande cha kulala si ndicho kilichotuletea lami? Akafunga daftari.

Ikabaki ya tatu, ile niliyoikataa siku ya kwanza. Kupita katikati ya upenu, wima, kama mshale.

Mzee seremala alipima kwa timazi. Alishika uzi kwenye silingi ya upenu, akauachia mpaka lilipokuwa tundu la ukutani, akatia alama ya chaki juu, akatoboa kitundu cha msumari, akachungulia kwa tochi. Akacheka. Alama ilikuwa imeangukia kando ya kenchi, karibu kuigusa. Bomba la nje tulilopanga, la kuta mbili, lina upana wa sentimita 25 na linahitaji sentimita 5 tupu kila upande kabla ya kukutana na mbao yoyote. Kwa hiyo ama tukate mkia wa kenchi na kuufunga kwa mbao ya kukatiza, ama tuhamishe tundu la ukuta. Fundi bati aliyekuja naye, kijana mwepesi sana wa mikono, akasema kukata kenchi ni dakika kumi. Mzee akamwambia, "Na kuirudisha?" Tukahamisha tundu la ukuta sentimita 22 kushoto. Matofali mawili, tindo, ndoo moja ya udongo na saruji kuziba lile la zamani. Doa lake linaonekana mpaka leo kama kovu la ndui, sijali.

Hapa nitoe ushauri mmoja ambao hamkuuomba: anza kupima kutoka juu. Sote tunaanza na jiko, tunalipanga linapopendeza, tunatoboa ukuta, halafu ndipo tunatazama juu kuona kuna nini. Juu ndiko kenchi na papi, mbao zinazopigiliwa bati, zilipo, na hizo hazihami. Jiko linahama.

Bomba lenyewe lilituchukua muda. Ulaya na Marekani wanauza mabomba tayari, yenye kuta mbili za chuma na sufi ya kuzuia joto katikati, unayaunganisha kama vikombe. Hapa tulitengeneza. La ndani inchi 6, chuma kisichoshika kutu, alilichomelea fundi anayetengeneza matangi. La nje inchi 10, bati la kawaida, hapa gavanaizi haina shida kwa sababu haiguswi na moto. Katikati sentimita 5 kuzunguka pande zote, tukajaza sufi ya mawe, ile wanayojazia mafundi wa oveni za mikate. Usikubali kuuziwa sufi ya magodoro au povu, kwa jina lolote watakaloliita. Hiyo sufi ya mawe inawasha mikono vibaya, tulivaa soksi za mikono ambazo nilifuma mwenyewe na bado nilijikuna siku mbili. Kazi yake ni mbili: mbao zisipate joto, na moshi ubaki wa moto mpaka ufike juu. Kwa bomba la nje ya nyumba katika mji wa baridi hiyo ya pili ndiyo iliyoniokoa.

Ndani ya chumba bomba limebaki la ukuta mmoja, ili chumba kipate joto lake. Ila nilisogeza rafu ya nyuzi. Bomba la ukuta mmoja linataka sentimita 45 mbali na kitu chochote kinachoweza kuwaka, na nyuzi zangu zilikuwa hapo hapo ubavuni zikijipasha. Kipande kinachopita ukutani kinapanda kidogo kuelekea nje, sentimita 2 kwa kila mita, na kimepita ndani ya ala ya bomba kubwa zaidi ili kikipata moto na kutanuka kisisukume matofali. Nje kinaingia kwenye tii, kiungo chenye umbo la herufi T. Mdomo wa juu wa tii unabeba bomba, wa chini una kifuniko cha kusafishia. Tii imekaa juu ya mkono wa chuma cha engo uliofungwa ukutani kwa bolti nne, maana sufi na chuma vina uzito, na huo uzito usiachiwe bati.

Siku ya kukata nilitaka kwenda sokoni. Mama mkwe akanizuia. "Ulikataa mwenyewe, sasa shuhudia mwenyewe."

Fundi bati alianza kwa kufungua grenda, mzee akamnyang'anya. Cheche za grenda zinatua kwenye rangi ya bati, zinaunguza vitundu vidogo, na mwaka mmoja baadaye una kutu mahali ambapo hukukata. Wakatumia mkasi. Tundu halikuwa duara, na hilo sikulitegemea: bomba limesimama wima lakini bati limelala mteremko, kwa hiyo tundu linakuwa yai. Alilichora kwanza kwenye boksi la nyuzi zangu, akalijaribu, akalipunguza, akalijaribu tena, ndipo akaligusa bati. Chini, kwenye silingi ya upenu, walikata mraba wa sentimita 35, wakauziba kwa bati bapa lenye tundu la bomba katikati, si kwa ubao. Papi moja ilikatwa, na ncha zake zikafungwa kwenye vipande viwili vya mbao vilivyosimama mbali na bomba.

Kuzuia maji ndiyo ilikuwa kazi ya siku nzima. Fikiria: bomba likitoka karibu na kilele cha paa, maji yanayolifikia ni kidogo. Likitoka kwenye upenu, maji ya paa zima la upande huo yanapita hapo yakielekea kwenye gata, na yote yanakutana na kitu kimesimama njiani. Ukiweka tu koni ya bati na kumwaga silikoni kuzunguka, umejipa miezi mitatu. Walichofanya ni kukata bati bapa refu, kama mita moja na nusu. Ukingo wake wa juu waliufikisha hadi mahali bati mbili zinapopishana, wakauchomeka chini ya bati la juu. Ukingo wa chini ukalala juu ya bati la chini. Pembeni wakaukunja ufunike migongo miwili kila upande. Maji hayapati mwanya wa kuingia kwa sababu kila tabaka linamwaga juu ya lingine. Nyuma ya bomba, upande maji yanakotoka, wakakunja kigongo chenye ncha kama kichwa cha mtumbwi, maji yagawanyike kulia na kushoto yasikae. Koni ikapigwa riveti kwenye bati bapa, lakini haikufungwa kwenye bomba. Nikauliza kwa nini waache nafasi. Kwa sababu bomba linarefuka likipata moto, linapanda na kushuka, ukilifunga litang'oa kila kitu. Juu ya ile nafasi wakavisha kola ya bati na kuipaka silikoni nyekundu ya mafundi magari, inayovumilia joto la injini.

Kuhusu urefu, mzee alikuwa na kanuni aliyoitoa kichwani: mdomo wa bomba uzidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kwa usawa, na kwa vyovyote usipungue sentimita 90 juu ya pale lilipotobolea. Paa letu linapanda sentimita 35 kwa kila mita. Mita 3 kuelekea kileleni ni mita 1 na sentimita 5, ongeza 60, unapata 1.65. Tukafanya 2. Kwa kuwa limezidi mita moja na nusu juu ya bati, limekazwa kwa waya tatu, pepo za Agosti hazitanii. Kofia ina wavu wa kuzuia cheche. Kutoka mgongo wa jiko hadi kofia ni karibu mita 4, na kona ni mbili tu, moja ndani na moja kwenye tii.

Moto wa kwanza niliuwasha mimi. Nilianza na gazeti lililokunjwa, nikaliwasha kwenye mdomo wa tii ili kufukuza ile hewa baridi iliyokaa bombani usiku kucha, nikafunga kifuniko, nikaingia ndani. Nilipofungua mlango wa jiko nilisikia bomba linanguruma kwa mbali kama gari linalopanda mlima. Moshi ulivutwa, hata uzi mmoja haukugeuka kuja usoni. Nikakimbia nje. Mzee alikuwa ameweka kiganja chake juu ya bomba la nje, pale linapopita kwenye silingi, na ameacha tu hapo huku anaongea na mume wangu habari za bei ya parachichi.

Kuni nazo nimebadilisha. Hapa mabanzi ya paini kutoka viwanda vya mbao ni bei ya bure na kila mtu anachoma, nami nilikuwa nayaleta yakiwa bado yanatoa maji. Watu wanailaumu paini kwa utomvu wake. Kosa kubwa ni ubichi. Sasa nachoma miti ya miwati iliyopasuliwa na kukaa chini ya upenu mwingine mwaka mzima, na banzi kavu la kuanzishia.

Mvua kubwa ilikuja Desemba. Usiku wa kwanza niliamka mara tatu na tochi kwenda kumulika silingi ya upenu. Mara ya tatu nikamkuta mama mkwe naye amesimama pale na khanga kichwani, anamulika na simu yake. Hatukusemezana. Kulikuwa na tone moja kwenye kichwa cha msumari mmoja ambao mpira wake ulikuwa umepasuka, mbali na bomba. Fundi bati aliubadilisha siku ya Jumatatu na akakataa hela.

Jumamosi iliyopita nilifungua kifuniko cha tii kusafisha. Nilikinga kopo la maziwa ya unga nikitegemea lijae. Yalitoka masizi ya nusu kopo, makavu, mepesi, yakapeperuka kidogo na kumwangukia kuku mweupe wa jirani.